UZI: Hundi yangu ya marejesho ya kodi ya Marekani iliibwa kabla haijanifikia, nilivyoifuatilia nikiwa Mbeya hadi nikalipwa

Mtafiti_Uyole aliandika:

Wanajukwaa, nawasalimu. Ninaandika uzi huu kwa ajili ya vijana wetu wa nyanda za juu kusini waliosoma au wanaosoma Marekani, na zaidi kwa ajili ya wazazi wao. Mwezi uliopita mama mmoja jirani yetu alinieleza kwamba haongei tena na mdogo wake kwa sababu ya hundi iliyopotea, na nilipomsikiliza nikaona ni yaleyale yaliyonipata mimi, tofauti ikiwa tu kwamba mimi nilibahatika kuiona nakala ya hundi kabla sijamtamkia mtu neno la wizi.

Nilikwenda kusoma shahada ya uzamili katika kilimo, na chuo kiliniajiri kama msaidizi wa utafiti. Kila malipo yalipotoka, kodi ya serikali kuu ilikatwa. Hapa kwetu wengi wenye mshahara hukatwa PAYE na mwajiri na jambo linaishia hapo, lakini kule kila mtu hujaza ritani yake, yaani fomu ya kutangaza mapato na kodi aliyokatwa, mwaka unapokwisha, na akionekana amekatwa zaidi ya anachodaiwa, hurudishiwa tofauti. Mgeni asiye mkazi kwa mujibu wa sheria zao za kodi hutumia Fomu 1040-NR. Yangu ilionyesha kwamba nadai dola 1,312.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kufunga akaunti ya benki Desemba 2023, wiki moja kabla ya kupanda ndege, hali nikijua kwamba ritani ningeituma mwaka unaofuata. Mamlaka ya Mapato ya Marekani, IRS, huingiza marejesho moja kwa moja kwenye akaunti iliyo katika benki ya Marekani, na wala haitumi kwenye akaunti ya benki ya hapa Mbeya. Kwa hiyo ritani yangu ilikwenda bila akaunti, na kwa utaratibu wa wakati ule maana yake ilikuwa hundi ya karatasi kwa posta. Anuani niliyoandika ni ya fleti niliyokuwa nikikaa, ambamo alibaki mwenzangu, dada wa kutoka Njombe tuliyepika naye ugali kwa miaka miwili.

Ukurasa wa IRS wa kuangalia marejesho ulionyesha kwamba hundi imetumwa Ijumaa, tarehe 14 Juni 2024. Nilimwarifu dada yule, naye akawa anafungua sanduku la barua kila jioni akitoka maabara. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, na ya tatu akaniambia kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuanza kuona aibu kwamba hakuna kitu.

Nyumbani hukumu ilitolewa mapema. Kaka yangu alisema, "Huyo mwenzako ameshaila," na shangazi akaongeza kwamba watu hubadilika wakikaa ughaibuni. Nilimtetea, lakini nakiri kwamba usiku nilikuwa nikihesabu: anajua jina langu kamili, ana ufunguo wa sanduku, na alikuwa amenieleza kwamba kodi ya nyumba imepanda. Kisha yeye mwenyewe, kwa nia njema, akapiga simu IRS kuniulizia, na akaambiwa kwamba hawawezi kuzungumza naye habari za kodi ya mtu mwingine. Nyumbani jibu hilo wakalichukua kuwa ushahidi wa pili dhidi yake. Kumbe ndiyo sheria yao: taarifa za mlipakodi ni siri, na ili mtu mwingine azipate ni lazima mwenyewe uwe umesaini fomu ya kumruhusu, ama 2848 ya uwakilishi ama 8821 ya kupewa taarifa. Hata angekuwa mama yangu mzazi angejibiwa vivyo hivyo.

Kwa hiyo niliamua kufuatilia mwenyewe. Namba ya IRS kwa walio nje ya Marekani ni +1 267 941 1000, nayo si ya bure. Hupokewa Jumatatu hadi Ijumaa, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 5 usiku kwa saa za mashariki mwa Marekani, ambayo wakati wa kiangazi chao ni kuanzia saa 7 mchana kwetu hadi saa 12 asubuhi ya siku inayofuata. Nilipiga tarehe 15 Julai, Jumatatu, kwa kuwa siku 28 tangu hundi itumwe zilikuwa zimetimia, na kabla ya hapo hawafungui ufuatiliaji. Niliulizwa namba yangu ya Hifadhi ya Jamii (Social Security), ambayo ndiyo utambulisho wangu wa kodi kule, aina ya ritani niliyojaza, na kiasi kamili cha marejesho, kwa hiyo kaa na nakala ya ritani mbele yako. Ombi lenyewe nililiandika kwenye Fomu 3911, ambayo ni fupi na haina malipo yoyote. Siku hiyohiyo nilijaza na Fomu 8822 ya kubadilisha anuani, nikaweka sanduku langu la posta la hapa Mbeya, kwa sababu karatasi zote zinazofuata hutumwa kwenye anuani iliyo kwenye kumbukumbu zao, na sikutaka hata bahasha moja zaidi ipite kwenye lile jengo.

Kinachofuata hutegemea jambo moja tu. Kama hundi haijachukuliwa fedha, huifuta na kukutumia nyingine. Kama imekwisha kuchukuliwa fedha, shauri huhamia Hazina, kwenye idara iitwayo Bureau of the Fiscal Service, nayo hukutumia fomu ya madai pamoja na nakala ya hundi yenyewe, mbele na nyuma.

Yangu ilikuwa imechukuliwa fedha. Nilipopata bahasha ile mwishoni mwa Agosti niliifungulia palepale nje ya posta, nimesimama juani, nikageuza nakala upande wa nyuma. Palikuwa na saini ya jina langu kwa mwandiko mnene ulioinama kushoto, na jina la ukoo lilikuwa limerukwa herufi moja. Dada wa Njombe alikuwa ameliandika jina hilo mara mia kwenye orodha ya zamu za usafi tuliyoibandika jikoni, na hakulikosea hata siku moja. Chini yake palikuwa na mhuri wa benki ya mji ulio katika jimbo jingine kabisa, ambako yeye hajawahi kufika na wala hana gari la kumfikisha.

Nilikaa kwenye ngazi za posta kwa muda. Nilimpigia simu usiku ule, na nilimwambia ukweli wote, pamoja na kwamba nilikuwa nimemshuku.

Madai niliyarudisha kwa barua ya kusajiliwa. Uchunguzi wa Hazina, ambao unalinganisha saini ya kwenye hundi na yako, unaweza kuchukua hadi wiki sita. Hundi mpya ilifika Mbeya mwezi Desemba. Nipo tayari kujibu maswali.

Kihesa_Juu aliandika:

Ahsante sana, dada, kwa kuandika kwa utulivu. Mdogo wangu yuko katika hali hiyohiyo, na hapa Iringa tumepewa namba ya mtu anayesema ana njia zake, anafuatilia marejesho ya Marekani kwa asilimia 20, na anataka tu picha ya pasipoti na namba ya Hifadhi ya Jamii. Je, mtu wa namna hiyo hawezi kurahisisha mambo?

Mtafiti_Uyole aliandika:

Ndugu yangu, nakuomba usimtumie hata herufi moja. Hundi iliyoibwa ni hasara ya mara moja na inarejeshwa, lakini namba ya Hifadhi ya Jamii ikiwa mikononi mwa tapeli anaweza kujaza ritani ya uongo kwa jina la mdogo wako mwaka ujao na mwingine unaofuata, na huko kujinasua ni kazi ya miaka. Hakuna njia ya pembeni ambayo mtu wa Iringa au wa Mbeya anayo na mdogo wako hana. Anayeweza kumwakilisha kihalali ni mtaalamu aliyeruhusiwa, kwa ile Fomu 2848 niliyoitaja, na kwa dai la hundi moja sioni haja yake. Vilevile kumbukeni kwamba IRS kwa kawaida huanza mawasiliano kwa barua. Ujumbe wa WhatsApp unaosema "marejesho yako yako tayari, thibitisha hapa" usiufungue.

Mzee_wa_Tukuyu aliandika:

Mwanangu, nimesoma mpaka mwisho. Sisi wa zamani tulizoea kwamba barua ikiwekwa kwenye sanduku lenye kufuli imefika. Huyo mwizi alifunguaje sanduku ambalo ufunguo anao mpangaji peke yake? Hapo ndipo ndugu zako walipokwama, na mimi ningekwama hapohapo.

Mtafiti_Uyole aliandika:

Shikamoo, mzee. Swali lako ndilo hasa lililotutesa, kwa hiyo nitalieleza kwa urefu.

Katika majengo yale masanduku ya barua yamepangwa kwenye fremu moja ukutani, kila mpangaji na mlango wake mdogo. Lakini mbeba barua hafungui milango ishirini kwa funguo ishirini. Anao ufunguo mmoja unaofungua uso mzima wa fremu kama kabati, anagawa barua zote kwa mpigo, kisha anafunga. Ufunguo wa aina hiyo hufungua fremu nyingi za eneo lake, na ndiyo maana wezi huutamani. Wapo wanaowavamia wabeba barua barabarani ili kuupata. Mwenye nao huondoka na barua za jengo zima kwa dakika moja bila kuvunja chochote, na wapangaji wakirudi jioni wanakuta milango yao midogo imefungwa salama. Baadaye dada yule aliuliza majirani, na watu wanne zaidi kwenye ukumbi uleule walikuwa wamekosa barua za wiki ileile, mmoja wao kadi ya benki. Kama tungeuliza majirani mwezi Julai, badala ya kukaa Uyole tukibashiri tabia ya mtu, tungejua mapema.

Wizi wa barua kule ni kosa la sheria ya serikali kuu, adhabu yake ikifika kifungo cha miaka mitano, na kughushi saini nyuma ya hundi ya Hazina inayozidi dola 1,000 ni hadi miaka kumi. Taarifa hupelekwa kwa wakaguzi wa Posta, ambao ni askari kamili wa serikali kuu. Dada yule aliwasilisha taarifa yake kwa mtandao kama mkazi wa pale, nami nikaitaja kwenye madai yangu. Kuna pia huduma ya bure ya Posta yao ambayo hukutumia kwa baruapepe picha za bahasha zinazotarajiwa kufika siku hiyo. Tungekuwa nayo, tungejua ni siku gani hundi ilifika jengoni na haikuonekana sandukuni.

Mhasibu_Mafinga aliandika:

Naomba niongeze kidogo kwa upande wa taaluma, kwa sababu wengi watajiuliza kwa nini serikali ilipe mara mbili. Kwa kweli hailipi mara mbili. Benki inayopokea hundi ya Hazina na kuiwasilisha kwa malipo huwa inadhamini kwamba saini ya nyuma ni ya mwenye hundi. Ikithibitika kwamba imeghushiwa, Hazina huirudia benki hiyo na kudai fedha zake, na benki ndiyo inayobaki kumtafuta aliyewaletea. Mlengwa hajalipwa, kwa hiyo deni lake liko palepale. Mtu asione haya kudai kana kwamba anaomba msaada.

Jambo la pili ni muda. Hundi ya Hazina ya Marekani huisha uhai wake mwaka mmoja baada ya tarehe iliyoandikwa juu yake, na madai yanayohusu hundi yenyewe yanatakiwa kuwasilishwa ndani ya mwaka huohuo. Anayekaa akisubiri "labda itafika" anajipunguzia nafasi mwenyewe.

Mtafiti_Uyole aliandika:

Nashukuru sana, Mhasibu. Hilo la benki kubeba mzigo sikulijua wakati ule, na lingenipunguzia usiku mwingi wa kudhani kwamba naikosea serikali ya watu.

Niongeze kuhusu fomu ya madai, kwa sababu pale ndipo nilipotumia muda mrefu kuliko pengine popote. Inauliza kama saini ya nyuma ni yako, kama ulimruhusu mtu asaini kwa niaba yako, kama ulipata manufaa yoyote ya fedha hizo, na kama unamjua au unamhisi aliyefanya. Unasaini ukijua kwamba uongo ni kosa la jinai. Kwenye swali la kumhisi mtu nilikaa na kalamu mkononi jioni nzima. Fikirini kama ningeijaza kwa kusikiliza maneno ya nyumbani, kabla ya kuigeuza ile nakala: jina la mwanafunzi wa Njombe mwenye viza ya masomo lingeingia kwenye faili la wachunguzi wa Hazina ya Marekani kwa kosa ambalo halijui. Niliandika kwamba simfahamu aliyesaini, na kwamba jina langu limekosewa herufi, nikaambatanisha nakala ya pasipoti yenye saini yangu.

Njombe_Baridi aliandika:

Ndugu yangu huyo dada yuko vipi sasa? Mlipatana? Samahani kama swali limezidi mipaka.

Mtafiti_Uyole aliandika:

Halijazidi. Alinyamaza kwenye simu kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba alikuwa amejua tangu Julai, kwa sababu nilikuwa nimeacha kumuuliza habari za utafiti wake na nikawa nauliza sanduku tu. Tulipatana, na aliporudi likizo nilimfuata mpaka kwao pamoja na kaka yangu, ambaye aliomba radhi mbele ya mama yake. Lakini sitadanganya kwamba hakuna kilichobaki. Dola 1,312 nilirudishiwa zote.

Kihesa_Juu aliandika:

Na ile hundi ya pili uliitoaje fedha hapa nchini? Mabenki mengi hayataki hata kuiona.

Mtafiti_Uyole aliandika:

Ni kweli. Benki mbili hapa mjini zilinikatalia, ya tatu ikakubali kuipokea kwa utaratibu wa kuipeleka nje ikusanye malipo kwanza, na hilo lilichukua wiki kadhaa pamoja na makato. Kabla ya kuiwasilisha niliikagua mwenyewe: ukiinua karatasi dhidi ya mwanga unaona maandishi ya U.S. TREASURY ndani yake, na muhuri ulio upande wa kulia wa picha ya Sanamu ya Uhuru umechapwa kwa wino unaogeuka mwekundu ukiguswa na unyevu. Hiyo ni salama kwa mwenye kupokea, maana zipo za bandia.

Hata hivyo, kwa mdogo wako naona njia imebadilika. Machi 25, 2025 rais wa Marekani alisaini agizo la kuachana na hundi za karatasi katika malipo ya serikali, na tangu Septemba 30, 2025 zinaondolewa, isipokuwa kwa hali chache zilizoruhusiwa. Anayemaliza masomo sasa asifunge akaunti yake ya kule mpaka marejesho yameingia. Hilo peke yake lingeniepusha na yote niliyoandika hapa.

Kihesa_Juu aliandika:

Yake ilitumwa kabla ya badiliko hilo, na ukurasa wa IRS unasema tu kwamba imetumwa. Anuani ni ya rafiki yake, na baba ameshampigia huyo rafiki simu mara mbili kwa ukali. Mwaka wa hundi unaisha baada ya miezi miwili.

Mtafiti_Uyole aliandika:

Basi fanyeni leo, msingoje wiki ijayo. Mdogo wako mwenyewe apige ile namba kuanzia saa 7 mchana, au saa 8 kama ni majira yao ya baridi, akiwa na nakala ya ritani na pasipoti, aombe ufuatiliaji, na atume Fomu 3911 na 8822 pamoja. Aandike tarehe, saa, na namba ya utambulisho ya ofisa aliyemjibu, kwa sababu akipiga tena atajibiwa na mtu mwingine. Na baba, kwa heshima zote, aombwe aiweke simu chini mpaka nakala ya hundi ifike na aone yeye mwenyewe kilichoandikwa nyuma.

Kihesa_Juu aliandika:

Nimemsomea baba sehemu ya ngazi za posta. Amesema tumpe namba ya yule kijana ampigie jioni, safari hii kwa kumjulia hali. Mdogo wangu amepata laini saa 8 na dakika 20, bado anasubiri kuunganishwa.